Kumtambua Nondo wa Kiwavijeshi Vamizi kwa Alama za Mabawa

Mkulima anayetundika mtego wa feromoni, yaani harufu ya jike inayovuta madume, katika shamba la mahindi hana budi kujifunza kusoma mabawa, kwa kuwa mtego huo hunasa pia nondo wasiohusika, na anayewahesabu wote kwa jumla huweza kunyunyiza dawa pasipo sababu. Kiwavijeshi vamizi, ambaye jina lake la kisayansi ni Spodoptera frugiperda, asili yake ni maeneo ya joto ya Amerika; aliripotiwa barani Afrika mwaka 2016, na kufikia mwaka 2017 alikuwa amekwisha kuingia Kenya na Tanzania.

Ukague mtego asubuhi na mapema. Alama za bawa zimefanyika kwa magamba madogo mno yanayopukutika kama vumbi, hivyo nondo aliyejipigapiga ndani ya ndoo usiku kucha, au aliyelowa mvua, hubaki na bawa lisilosomeka. Mshike kifuani kwa kibano, mlaze juu ya karatasi nyeupe, kisha usogeze mabawa ya mbele taratibu hadi ya nyuma yaonekane. Upana wa mabawa yaliyokunjuliwa ni takribani milimita 32 hadi 40.

Bawa la mbele la dume lina mchanganyiko wa kijivu na kahawia. Karibu na ncha yake pana doa jeupe lenye umbo la pembetatu, na kuelekea katikati pana doa la duara dufu, lililolala mshazari, lenye rangi ya majani makavu. Kwa maoni yangu doa la nchani ndilo la kutangulizwa, kwa sababu weupe wa bawa la nyuma, ambao wengi huukimbilia, haumtofautishi na Leucania loreyi, nondo mwingine aliye mgeni wa mara kwa mara katika mitego hii. Huyo bawa lake la mbele ni la rangi ya nyasi kavu, lina nukta ndogo nyeupe katikati, na nchani hana doa lile la pembetatu.

Usitarajie majike mtegoni, kwani kivutio huiga harufu yao wenyewe. Ukimkuta jike kwenye taa, alama zake huwa zimefifia.

Nondo waliopukutika magamba waandikwe katika safu yao peke yake, na kama ni wengi, wapelekwe kwa afisa ugani wakiwa wamekaushwa ndani ya karatasi iliyokunjwa, si katika mfuko wa plastiki unaohifadhi unyevu.