Kiache Kikupite: Bazuka na Vifaru katika Battlefield 1942

Vijana wanaokuja kucheza kwangu hapa Shella, Malindi, wana tabia moja. Akishapata bazuka, bomba la begani la kurushia roketi, mbio anakifuata kifaru uso kwa uso kama anakwenda kukidai deni. Punde si punde keshauawa, na lawama zote ni za mausi. Ami, mausi yangu ni nzima. Kaa nikwambie.

Kompyuta zangu ni kuukuu, ndiyo maana bado tumo kwenye Battlefield 1942, gemu ya Vita vya Pili vya Dunia iliyotoka mwaka 2002. Intaneti haihitaji, nyaya za humu chumbani zatosha, na wachezaji wakiwa wachache kompyuta inajaza askari wake yenyewe.

Ukichagua askari wa kupambana na vifaru, upande wa Washirika, yaani Wamarekani, Waingereza na wenzao, utapewa bazuka, na kwa Wajerumani utapewa Panzerschreck, bazuka yao. Bunduki huna. Una bastola, kwa hiyo ugomvi na askari wa miguu waachie wenzako.

Silaha yenyewe uielewe, maana inaeleza mengi. Bazuka ya Wamarekani, bomba la 60 mm, iliingia vitani 1942. Roketi yake haitoboi chuma kwa kasi ya mwendo kama risasi ya mzinga. Kichwani mna baruti iliyochongwa shimo la umbo la faneli na kuvikwa chuma. Ikilipuka, nguvu yote hukusanyika mbele mahali pamoja. Basi ikipigwa kwa karibu au kwa mbali, kutoboa ni kulekule. Kazi ni kulenga. Wajerumani walipozinasa waliunda yao kubwa zaidi, hiyo Panzerschreck ya 88 mm, nayo ilikuwa na balaa lake: roketi iliendelea kuwaka hata baada ya kutoka kwenye bomba, ikamrudishia mpigaji moto usoni. Mwanzo alivaa barakoa ya gesi, baadaye wakaweka ngao. Tena moto ulitoka na nyuma, kwa hiyo kusimama mgongoni mwa mpigaji ilikuwa hatari. Gemu imekusamehe yote hayo.

Imesamehe na historia pia. Katika ramani ya El Alamein, kule Misri, utaona bazuka na Panzerschreck, ilhali vita vile vya Oktoba 1942 havikuwa na hata moja. Waingereza walivunja vifaru kwa mizinga ya kukokota. Anayejifunza nampeleka kwanza Stalingrad au Berlin, kwenye mitaa na magofu. El Alamein ni jangwa tupu, kifaru kinakuona kabla hujakiona.

Sasa kazi yenyewe. Jitege kando ya njia, nyuma ya ukuta uliobomoka, wala si mbele ya kona ambako mdomo wa mzinga utakuangalia. Lala kifudifudi na utulie. Tazama alama ya kulengea: ukikimbia inapanuka, ukilala bila kujongea inabana. Kisha, hapa ndipo vijana wangu wanaposhindwa, kiache kifaru kikupite. Utasikia injini, utaona minyororo mbele ya macho, kidole kitakuwasha. Zuia. Chuma cha mbele ndicho kinene, katika vita vya kweli na humu pia. Cha nyuma ni chepesi, na roketi ya mgongoni inaumiza kuliko ya kifuani.

Roketi haiendi moja kwa moja, huinama. Kwa karibu lenga pale pale unapotaka. Kadiri kinavyokwenda mbali ndivyo unavyonyanyua alama juu yake, na kikiwa kinakatiza, ilenge nafasi iliyo mbele yake. Kipimo hicho hakiandikiki. Tafuta kifaru kilichosimama, kipige kutoka sehemu tofauti uone roketi inaangukia wapi, mpaka mkono uzoee.

Ukishapiga, hama. Bomba linachukua roketi moja tu, na kuipakia nyingine kunakula muda, na aliye ndani keshajua ulipo. Rudi nyuma ya ukuta, pakia huko, tokea upande mwingine. Ukimwona fundi wao ameshuka kukikarabati kifaru, huyo mmalize kwanza kwa bastola, la sivyo kazi yako yote inarudi mwanzo. Roketi zikiisha, tafuta sanduku la risasi. Usizipoteze kwa ndege; nimeona mtu akiangusha moja kwa bazuka, akatamba mpaka magharibi, na tangu hapo hajapiga kitu.

Mara nyingine dereva ataona kimeharibika, aruke nje na kukimbia. Kifaru kikiwa kitupu ni cha yeyote, hata adui, hivyo unaweza kukipanda ukaenda nacho. Kikiwa kimeshika moto, usikikaribie, kitalipuka chenyewe.