Namna ya kufukua asili ya neno la kale la Kiingereza, tuanze na "fathom"

Kama unapeleka wageni na chombo hapa Lamu, au kuna mzee nyumbani ana ile ramani ya bahari ya zamani iliyokunjwa mpaka inachanika kwenye mikunjo, basi neno "fathom" ushakutana nalo, limeandikwa pale karibu na jina la ramani kuonyesha vina vimepimwa kwa kipimo gani. Wengi wanaligugo, wanaona "futi 6", wanafunga simu. Kama shida yako ni chombo kisipande mwamba hiyo inatosha kweli, zidisha kwa 1.83 upate mita, na ukiona 2 halafu kuna 3 ndogo imekaa chini pembeni, hiyo ni fathom 2 na futi 3, jumla futi 15. Usisome kama mita, utajuta.

Lakini kama unataka kujua neno lenyewe limetoka wapi, hapo kamusi ya kawaida haikusaidii manake inakwambia maana ya leo tu. Unataka kamusi ya kihistoria, na kubwa lao ni ile ya Oxford, ile ambayo James Murray aliisimamia, kipande cha kwanza kikatoka 1884 na kazi ikaja kwisha 1928, yeye mwenyewe alikuwa kashafariki tangu 1915. Uzuri wake kila maana imewekewa sentensi za watu walioitumia, na mwaka, kuanzia ya zamani kabisa. Ubaya wake ya mtandaoni inalipiwa. Kama huna maktaba ya kukupa mlango, ingia Etymonline ya Douglas Harper, ni ya bure na haimalizi bando, halafu kwa Kiingereza cha kale kabisa, kile cha kabla ya mwaka 1100 hivi, kuna kamusi ya Bosworth na Toller nayo iko bure. Humo utakuta herufi za ajabu, æ na þ na ð, usishtuke, hizo mbili za mwisho zote ni "th" tu.

Sasa ukifika pale, usikimbilie maana ya juu, shuka mpaka ya zamani kuliko zote halafu ndo upande nayo pole pole. Ya "fathom" ilikuwa inaandikwa "fæðm" na haikuanzia baharini ati, ilikuwa ni mikono miwili iliyofunguliwa kukumbatia, au kifua, au kuwa mikononi mwa mtu anayekulinda. Kwenye Beowulf, lile shairi refu ambalo nakala yake ni ya kama mwaka 1000, kuna mahali jumba linasemwa haliwezi kuharibika labda limezwe na "fæþm" ya moto, yaani kumbatio la moto. Nimelipenda hilo.

Utajiuliza kumbatio limekuwaje kipimo, na hapa mtu wa Lamu ana bahati kuliko msomi wa London, sisi hatuhitaji kufungua kitabu. Nenda ukutani jioni umwangalie mvuvi akipima mshipi mpya, anashika ncha kwa mkono wa kushoto, anavuta kwa wa kulia mpaka kifua kinafunguka na mshipi unampita chini ya kidevu, moja, anaachia, anashika tena pale alipofikia, mbili. Hiyo ndo pima. Na pima moja ni mikono minne, mkono wa kipimo, yaani kiwiko mpaka ncha ya vidole, ni kama inchi 18, piga hesabu mwenyewe, inchi 72, futi 6 zile zile. Baharia wa Kiingereza alifanya hivyo hivyo na kamba ya bildi, ile yenye kipande kizito cha madini ya risasi nchani cha kupimia kina, na chini ya ile risasi palikuwa na shimo wanalolijaza mafuta ya mnyama ili ikigonga chini irudi na mchanga au tope, wajue wako juu ya nini. Captain Owen alipokuja kupima pwani yetu 1822 mpaka 1826 alikuta watu wana pima yao siku nyingi. Hakuna aliyemwigia mwenzake, wote wana mikono miwili basi.

Kutoka hapo mambo yanaenda mbio, karne ya 17 "fathom" inatumika kwa kupima kina cha maji na pia kufika chini ya jambo ukalielewa, na ndo maana Mwingereza wa leo akisema hawezi ku-fathom kitu maana yake kimemshinda kabisa. Shakespeare kwenye The Tempest ya 1611 anasema "fathom" tano bila kuongeza s, kama sisi tunavyosema pima tano.

Halafu kuna mtego, na huu ni wetu sisi hasa. Fathom ni kuelewa, fahamu ni kuelewa, zinasikika karibu karibu, kwa hiyo lazima kuna mtu barazani atakwambia Mzungu katuibia neno. Hapana bana. Fahamu ni Kiarabu, f-h-m, na "fathom" ina ndugu zake Ulaya kaskazini: Wadenmaki wana "favn", Waswidi "famn", zote ni kumbatio na pia kipimo, Wajerumani wana "Faden" ambayo siku hizi ni uzi. Kila ukipata neno waulize kwanza hao majirani, wakiwa nalo wote basi ni la ukoo huo, la sivyo tafuta Kifaransa cha baada ya 1066 Wanormani walipoingia Uingereza.

Na kufanana kwa sauti kusikudanganye, angalia mpangilio. Jacob Grimm 1822 alionyesha kwamba p ya Kilatini inakuja f kwa Kiingereza, na t inakuja th: "pater" na "father", "tres" na "three". Sasa chukua Kilatini "patere", kuwa wazi, p-t, weka f-th, umefika kwenye "fathom", mikono iliyo wazi. Hizo hazifanani hata kidogo na ni ndugu.

Ukitaka kujaribu mwenyewe usianze na "posh" (ya kifahari), ile hadithi kwamba ni kifupi cha maneno ya kutaka chumba cha upande wa kivuli kwenye meli za kwenda India ni ya kutunga na imejaa kila mahali itakuchanganya. Anza na "elbow". Itafute Bosworth na Toller kama "elnboga", ikate katikati, "eln" ni mkono wa mbele na "boga" ni kilichopinda, halafu ifuate hiyo "eln" uone kama nayo haikuishia kupimia kitambaa.