Nyambizi ya mtu mmoja: anza na uzito

Mimi huanza na uzito, umbo baadaye. Chombo cha mita 2 za ujazo hakizami baharini mpaka kifikie kama kilo 2,050, ukiwa ndani. Kisha kifuniko: chenye kipenyo cha sentimita 60, kwenye kina cha mita 30, hukandamizwa na maji kwa takriban tani 8.7. Usikifunge kwa bawaba ya mlango!

Hewa ndiyo huninyima usingizi. Kaboni dayoksaidi hukulevya kabla oksijeni haijaisha, kwa hiyo weka feni ya kupitisha hewa kwenye chokaa ya soda, kemikali inayofyonza gesi hiyo. Chini ning'iniza kipande cha metali ya risasi utakachoachia kwa mkono ili upande juu wakati wa dharura, bila kutegemea umeme. Jaribio la kwanza, shusha chombo kwa kamba bila mtu, kupita kina unachokusudia.