Kupima Ulegevu wa Kano za Goti kwa Eksirei ya Mkazo

Eksirei ya kawaida huonyesha mifupa, haionyeshi kano, yaani kamba ngumu zinazounganisha mfupa na mfupa. Dereva wa bodaboda aliyegonga muundi kwenye gari huku goti likiwa limekunjwa anaweza kuwa amekatika kabisa kano ya msalaba ya nyuma (mojawapo ya kano mbili zinazopishana katikati ya goti), na bado picha aliyopigwa akiwa amelala ikasomeka kuwa haina kasoro. Akapewa dawa za maumivu na bandeji, kisha miezi kadhaa baadaye akarudi kulalamika kwamba goti linamwachia anaposhuka ngazi. Eksirei ya mkazo hupigwa kwa mashine ileile, ila wakati wa kupiga picha goti husukumwa kwa makusudi, ili pengo au mtelezo uliokuwa ukizuiwa na kano uonekane na upimwe kwa milimita.

Wapo wanaokiona kipimo hiki kuwa ni cha hospitali zisizo na MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha za kano na misuli. Ni kweli kwamba katika hospitali nyingi za wilaya mashine ya eksirei ipo na ya MRI haipo, lakini hata penye zote mbili kipimo hiki kina kazi yake. Kano ya msalaba ya nyuma iliyokatika zamani huweza kuunga ikiwa imerefuka, nayo MRI ikaionyesha kama uzi usiokatika, ilhali goti linayumba. MRI hueleza umbo la kano. Mkazo hueleza kama kano hiyo bado inafanya kazi.

Kabla ya kugusa goti, piga picha za kawaida na uzisome. Mwenye mpasuko wa mfupa asisukumwe, wala mtoto ambaye sehemu za ukuaji za mifupa yake hazijafunga asisukumwe ikiwa inashukiwa kwamba zimeumia, kwa sababu mkazo unaweza kuzitenganisha. Pima mapigo ya damu kwenye unyayo: goti lililoteguka kabisa, hata kama limejirudi lenyewe, huenda limejeruhi ateri inayopita nyuma yake, na hapo la haraka ni mishipa ya damu. Mwanamke aulizwe kuhusu ujauzito. Jeraha likiwa bichi na goti limejaa maji, misuli hukaza kujilinda na kipimo huonyesha uthabiti wa uongo. Ni heri kungoja maumivu yatulie, au kupima akiwa chini ya nusukaputi ikiwa anakwenda kufanyiwa upasuaji.

Kwa kano za pembeni, mlaze mgonjwa chali na uweke taulo lililokunjwa chini ya paja hadi goti likunjike nyuzi 20, kwani likinyooshwa kabisa miundo mingine ya nyuma ya kiungo huficha ulegevu. Unapotaka kufungua upande wa nje, mkono mmoja ushike paja kwa upande wa ndani, juu kidogo ya goti, na mwingine usukume kifundo cha mguu kuelekea ndani; kwa upande wa ndani fanya kinyume chake. Unyayo usizungushwe. Anayesukuma avae aproni na glavu zenye madini ya risasi, na mikono yake ikae nje ya eneo la mwali hata akiwa nazo.

Kwa kano ya msalaba ya nyuma, njia rahisi na isiyohitaji kifaa cha gharama ni ya kupiga magoti. Mgonjwa hupiga goti likiwa limekunjwa nyuzi 90 juu ya benchi lenye godoro jembamba, uzito wake ukibebwa na muundi hadi kwenye kile kinundu kilicho chini ya kilegesambwa, huku mfupa wa paja ukiachwa bila kuegemezwa mbele ya ukingo wa benchi. Picha hupigwa kutoka ubavuni. Mfupa wa muundi ambao hauna kano ya kuuzuia utarudi nyuma kwa uzito wa mwili wenyewe. Vichwa viwili vya chini vya mfupa wa paja vinapaswa kulaliana katika picha. Vikipishana waziwazi, rudia, kwa maana kipimo cha picha iliyopinda hakifai kitu. Kano ya msalaba ya mbele sitaieleza kwa kirefu: uchunguzi wa mikono na MRI kwa kawaida hutosha.

Sasa kupima. Pembeni, pima umbali mfupi kabisa kati ya mfupa wa paja na uso wa mfupa wa muundi katika upande uliofunguliwa. Kwa picha ya kupiga magoti, chora mstari kwenye ukingo wa nyuma wa mfupa wa muundi, kisha pima ni kiasi gani umerudi nyuma ya ncha ya nyuma ya mstari wa Blumensaat, yaani mstari unaoonekana pichani kwenye paa la bonde lililo kati ya vichwa viwili vya mfupa wa paja. Weka alama ya kipimo kinachojulikana kando ya goti, kwa kuwa eksirei hukuza picha.

Kisha lipige picha goti lisiloumia kwa namna ileile. Hapa ndipo wengi wanapokata njia ya mkato, na hapa ndipo kipimo hupoteza thamani, kwa sababu watu hutofautiana kwa ulegevu wa kuzaliwa; kinachosomwa ni tofauti kati ya magoti mawili. Upande wa nje, tofauti ya takribani milimita 2.7 huashiria kano ya pembeni iliyokatika peke yake, na milimita 4 kwenda juu huashiria kwamba kona yote ya nyuma na nje, yaani kundi la kano na misuli linaloshikilia goti upande huo, imeumia. Upande wa ndani, milimita 3.2 kwa nyuzi 20 huashiria kukatika kwa kano kuu ya pembeni, na 9.8 huashiria miundo yote ya ndani. Viwango hivi vya pembeni vilipatikana kwa kukata kano katika magoti ya maiti, kwa hiyo vichukuliwe kama dira. Kwa mtelezo wa nyuma, tofauti ya hadi milimita 7 huhesabiwa kuwa jeraha la sehemu, 8 hadi 11 kukatika kabisa kwa kano hiyo, na 12 au zaidi humtaka daktari atafute jeraha jingine la kona.

Katika ripoti andika pembe ya goti, namna ya kusukuma, milimita za kila goti, tofauti yake, na kama mgonjwa alilegeza misuli au alikaza kwa maumivu. Picha za kufuatilia baada ya upasuaji zipigwe kwa njia ileile. Namba za kupiga magoti zisilinganishwe na za kifaa cha kusukumia.