Mambo ya kuzingatia kabla ya kupandisha toleo la NumPy

NumPy ni maktaba ya Python ya kukokotoa namba. Toleo lake la 2.0 lilipotoka Juni 2024, miradi mingi ya Python iligoma bila mwenyewe kugusa hata mstari mmoja wa msimbo wake. Maktaba nyingi za sayansi ya data zina sehemu zilizoandikwa kwa lugha ya C na kujengwa juu ya NumPy 1. Toleo la 2 lilibadilisha namna sehemu hizo zinavyozungumza na NumPy, na zile za zamani zikashindwa kufanya kazi nalo. Majina kama `np.float_` na `np.NaN` nayo yaliondolewa. Aliyeandika `numpy` tupu kwenye requirements.txt, faili linaloorodhesha vifurushi vya mradi, bila kutaja toleo, aliletewa toleo jipya pale tu alipojenga mazingira yake upya.

Kabla ya yote, fahamu kwamba mazingira moja ya Python hubeba toleo moja tu la NumPy. Katika Node.js, kifurushi kinaweza kubeba nakala yake ya maktaba ndani ya folda ya node_modules. Python haina nafasi hiyo. Ukiingiza NumPy 2, ile ya 1 imekwenda. Ndiyo maana kila mradi unastahili mazingira pepe yake, yaani folda yenye vifurushi vyake peke yake, kwa `python -m venv .venv`. Na kama Debian au Ubuntu ya karibuni inakukatalia kusakinisha kwenye Python ya mfumo, usilazimishe. Programu za mfumo wenyewe zinaitegemea hiyo Python.

Kisha chunguza nani anadai nini, na hapa usiwe na haraka. Pip ndiyo programu inayosakinisha vifurushi vya Python, na `pip show numpy` itakutajia vifurushi vinavyoitegemea NumPy. Pipdeptree, zana ya kusakinishwa kando, itakuonyesha na matoleo ambayo kila kimoja kinayakubali. Kuongeza `--dry-run` kwenye amri ya kusakinisha, `pip install`, kunakuonyesha kitakachobadilika kabla hakijabadilika. Sakinisha vyote kwa amri moja. Tangu toleo la 20.3, pip hukataa mahitaji yanayogongana ndani ya amri hiyohiyo, lakini ukileta kimoja leo na kingine kesho, inaweza kukivunja cha jana, ikakuandikia onyo kwa herufi nyekundu na bado ikamaliza kazi. Wengi hulipita onyo hilo kwa sababu mstari wa mwisho unasema usakinishaji umefaulu.

`pip check`, inayokagua kama vifurushi vilivyopo vinapatana, nayo ni ya lazima, ila usiiamini peke yake. Inasoma tu kile ambacho kifurushi kimejitangazia. Kifurushi cha mwaka 2022 kilichosema kinahitaji NumPy 1.20 au zaidi, bila kuweka kikomo cha juu, kitapita ukaguzi huo hata kama sehemu yake ya C haiwezi kukaa na NumPy 2. Kwa hiyo ita kila maktaba kwa `import`, kisha endesha majaribio ya mradi kwenye mazingira mapya, huku ya zamani yakiwa bado mazima pembeni.

Andaa pia njia ya kurudi. `pip freeze > kabla.txt` huandika matoleo yote uliyonayo. Kwa anayenunua bando, naona hatua hii inayofuata ina thamani kubwa: `pip download -r kabla.txt -d akiba` huweka vifurushi vyenyewe kwenye diski, ukaweza kuvirudisha kwa `pip install -r kabla.txt --no-index --find-links akiba` hata intaneti ikikatika.

Ikitokea maktaba mbili hazipatani kabisa, tazama kwanza kama ile iliyobaki nyuma imetoa toleo jipya. Mara nyingi imetoa. Kama bado, andika `numpy<2` kwenye faili la vikomo na ulipitishe kwa `pip install -c`, ili usakinishaji wowote utakaofuata kwa faili hilo uheshimu mpaka huo. Kama moja inaitaka 2 na nyingine haiiwezi, gawa kazi kwenye mazingira mawili yanayopokezana data kwa faili za CSV au Parquet. Na pembeni ya kikomo andika kwa alama ya # ni maktaba gani iliyokulazimisha kukiweka, ili atakayelipokea faili hilo baada yako ajue ni toleo la nani analosubiri kabla ya kukiondoa.