Jinsi ya Kuona Mraba Unapopinduliwa Ndani Nje

Kwa bikari, chora duara lenye nusukipenyo cha sentimita 6, kisha ndani yake chora mraba wenye pande za sentimita 6, maumbo yote mawili yakiwa na kitovu kimoja. Kanuni ya kupindua ni moja tu: kila nukta husogezwa kwenye mstari ulionyooka unaotoka kitovuni, hadi umbali wake wa zamani ukizidishwa kwa umbali mpya upate 36, yaani nusukipenyo cha duara mara chenyewe (6 × 6). Nukta ya katikati ya kila upande, iliyo sentimita 3 kutoka kitovuni, inahamia sentimita 12, ilhali vipeo vya mraba, vilivyo takriban sentimita 4.24, vinafika 8.49 pekee. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kudhani kwamba kilichokuwa mbali kitabaki mbali.

Pindua nukta nyingine kadhaa za upande mmoja na kuziunganisha, nawe utapata nusu duara kamili. Pande zote nne hufanya ua la petali nne. Vipeo vilivyochomoza sasa vimebonyea ndani, ingawa pembe zake, zikipimwa kwa nje, bado ni nyuzi 90. Eneo lililokuwa ndani ya mraba sasa liko nje ya ua, isipokuwa kitovu chenyewe, ambacho hakina pa kwenda.