Namna ya Kuikumbuka Historia ya Marekani kwa Minara, Picha na Barabara Ukiwa Dodoma

Mwanafunzi anayesoma historia ya Marekani akiwa Dodoma hupewa majina na miaka ambayo hana pa kuiegemeza, na ndiyo sababu mtihani ukishapita yote humtoka. Kwa muda niliofundisha somo hili na kusimamia klabu ya historia, nimejiridhisha kwamba mambo hukaa kichwani pale mtu anapopewa kitu cha kutazama, kiwe mnara, picha au barabara, kisha akazoezwa kukiuliza maswali mawili: tukio hili lilitokea mwaka gani, na ni nani aliyeamua, mwaka gani, kwamba likumbukwe kwa namna hii? Mwongozo huu ni kwa mwalimu, mzazi au kiongozi wa klabu anayetaka kuifanya kazi hiyo bila kusafiri.

Anza na kitu cha nyumbani. Waulize wazee neno merikani, nao watakuambia ni kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi. Kitambaa hicho kilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, kwa pamba iliyolimwa na watumwa weusi katika majimbo ya kusini, kikaletwa Unguja na meli za wafanyabiashara wa Salem, mji wa bandari wa Massachusetts hiyohiyo, ambao biashara yao ilipata nguvu baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sultani Said. Kutoka Bagamoyo wapagazi walikibeba vichwani na mabegani hadi Ugogo, ambako watemi walikipokea kama hongo ili misafara iruhusiwe kupita na kuteka maji. Pembe za ndovu zilizoshuka pwani kwa njia hiyohiyo zilivuka bahari hadi miji ya Deep River na Ivoryton katika jimbo la Connecticut, zikachongwa kuwa vibao vya piano. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipoikatiza pamba ya kusini, merikani iliadimika katika biashara ya Unguja. Chora njia hii yote kwenye karatasi moja kubwa, kutoka shamba la pamba hadi kisima cha Ugogo, na uibandike ukutani kabla hujataja jina la rais yeyote, kwa kuwa mwanafunzi akishaona kwamba vita vile viligusa mpaka mzigo wa mpagazi aliyepita Mpwapwa, hatauliza tena vinamhusu nini.

Baada ya hapo nenda kwenye minara ya kumbukumbu. Kila mnara uandikiwe miaka miwili, mwaka wa tukio na mwaka wa kujengwa, na pengo lililo kati yake lijadiliwe. Rais Abraham Lincoln aliuawa mwaka 1865, lakini jengo la kumbukumbu yake mjini Washington lilizinduliwa mwaka 1922, na siku ya uzinduzi wageni weusi walitengewa sehemu yao ya kukaa, mbali na weupe, mbele ya sanamu ya mtu aliyetangaza uhuru wa watumwa. Mwaka 1963 Martin Luther King alisimama kwenye ngazi za jengo hilohilo na kudai haki. Linganisha na sanamu ya Robert E. Lee, jemadari wa upande wa kusini ulioshindwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, iliyosimamishwa Richmond mwaka 1890, miaka 25 baada ya vita kwisha, na ikaondolewa mwaka 2021. Waache wanafunzi wabishane juu ya sanamu hii, wala usiharakishe kuwapa jibu. Ukuta wa kumbukumbu ya wanajeshi wa vita vya Vietnam, uliobuniwa na Maya Lin alipokuwa mwanafunzi wa miaka 21 na kuzinduliwa mwaka 1982, unafundisha jambo jingine: majina yake zaidi ya 58,000 yamepangwa kwa tarehe za vifo, si kwa alfabeti, hivyo waliokufa siku moja wako pamoja. Kisha wapeleke wanafunzi wako Nyerere Square, nao waiulize sanamu ya Mwalimu maswali yaleyale mawili.

Picha za zamani ndizo zinazohitaji muda mrefu kuliko vyote, na hapa ningekusihi usiwe na haraka hata kidogo. Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka picha nyingi kwenye tovuti yake bila malipo. Zipakue wakati mtandao una nguvu, uzichapishe kwa ukubwa wa kutosha, na uyafunike maelezo yaliyo chini. Mpe kila mwanafunzi dakika tatu za kutazama kimya na kuandika anachokiona tu, si anachokidhania. Ndipo ufunue maelezo, na mwishowe uulize ni nani asiyeonekana.

Kwa swali hilo la mwisho hakuna picha inayofaa kuliko ile ya Andrew J. Russell ya tarehe 10 Mei 1869 huko Promontory, Utah, siku reli kutoka mashariki ilipokutana na ile ya magharibi. Wanaume wamejazana kati ya vichwa viwili vya treni, wengine wameinua chupa, lakini ni vigumu kumwona Mchina hata mmoja, ilhali maelfu ya Wachina ndio waliopasua milima ya upande wa magharibi. Picha ya pili iwe ile ya mama wa kambi ya wavuna njegere huko Nipomo, California, iliyopigwa na Dorothea Lange mwezi Machi 1936 alipokuwa akifanya kazi ya idara ya serikali. Dunia nzima iliujua uso ule, lakini jina la mwenyewe, Florence Owens Thompson, mwenye asili ya Wacherokee, halikufahamika hadi mwaka 1978, naye alilalamika kwamba picha ile haikumnufaisha kwa lolote. Wanafunzi wangu huguswa sana na habari hii, na kila mara mmoja wao huuliza kama mpiga picha hakupaswa kumwuliza jina. Ya tatu ni picha ya mdunguaji aliyekufa mwaka 1863 Gettysburg, uwanja wa mapigano wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, kazi ya Alexander Gardner. Wachunguzi walipolinganisha picha za uwanja ule walibaini kwamba mwili uleule ulipigwa picha mahali pawili, yaani ulisogezwa. Mtoto aliyelielewa hilo hataidharau picha, bali ataihoji kama anavyomhoji shahidi.

Barabara zifundishwe kwa kupima. Kutoka Selma hadi Montgomery, Alabama, ni kilomita 87 hivi, takriban moja ya tano ya barabara ya Dodoma hadi Dar es Salaam. Waandamanaji wa haki ya kupiga kura walipigwa na polisi kwenye daraja la Selma tarehe 7 Machi 1965. Walipoanza tena tarehe 21 walitembea siku tano, na sheria ya haki ya kupiga kura ikatiwa saini tarehe 6 Agosti mwaka huo. Daraja lenyewe bado lina jina la Edmund Pettus, jemadari wa jeshi la waliotetea utumwa. Barabara kuu ya Route 66, iliyoanzishwa mwaka 1926 kati ya Chicago na pwani ya California, ilikuwa na kilomita zipatazo 3,900, na iliondolewa rasmi katika orodha ya barabara kuu mwaka 1985, ingawa vipande vyake bado vinatunzwa.

Hitimisha zoezi kwa barabara yenu, ile ya Cape hadi Cairo ipitayo Iringa, Dodoma, Kondoa na Babati, au kwa kituo cha reli ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914. Kila mwanafunzi apige picha moja na kuandika nyuma yake mahali, tarehe, jina la mpiga picha na majina ya watu wote wanaoonekana, baada ya kuwaomba ruhusa. Atumie penseli laini, kwa maana wino wa kalamu hupenya karatasi ya picha na kuiharibu, na bahasha za kuhifadhia ziwekwe mahali pakavu, mbali na jua na mchwa.